Jina la duka lako mtandaoni limeandikwa kwa nani?

Leo tuongee kuhusu kitu ambacho wengi wetu tunamwachia fundi tu: jina la tovuti, lile linaloishia na .com au .co.tz. Kwa Kiswahili cha vitabuni linaitwa jina la kikoa. Mafundi wengi wanasema domeni. Ni kitu kile kile.

Mimi siyo mtu wa kompyuta. Niliishia kidato cha nne, nauza mashuka na mapazia hapa Morogoro, oda nyingi zinatoka mtandaoni. Haya ninayoandika nimeyajua baada ya kuumia, kwa hiyo ngoja nianze na maumivu yenyewe.

Nilipoanza kupata wateja wa mikoani nilimpa kijana mmoja laki mbili na nusu anitengenezee tovuti. Tukaelewana "kila kitu humo humo". Kijana mpole, kazi akafanya, tovuti ikapendeza. Nikachapisha mifuko 500 yenye jina la tovuti chini ya nembo. Nikabandika na kwenye mlango wa fremu. Mwaka ukapita vizuri.

Mwaka wa pili mteja akaniambia tovuti haifunguki. Nikadhani ni bando lake. Wa pili akasema, wa tatu akasema. Nikampigia fundi, hapatikani. Nilikuja kumpata baada ya zaidi ya miezi miwili, kupitia kaka yake. Alikuwa amepata kazi mkoa mwingine, amebadilisha laini, na ile imeili aliyosajilia jina langu alikuwa haifungui tena. Ujumbe wote wa kusema "lipia, muda unaisha" ulikwenda kule. Hakuniibia. Alisahau tu, na mimi sikujua kama kuna kitu cha kulipia.

Tukaenda kuangalia, jina limeshachukuliwa na mtu mwingine. Baada ya muda mteja wangu wa Dodoma akanitumia skrinshoti na swali: "Dada, siku hizi mmeanza kubetisha?" Jina langu linafungua tovuti ya kamari. Mifuko ilikuwa imebaki zaidi ya mia mbili. Nilimpa jirani yangu anayeuza mkaa.

Kwa hiyo kama utasoma mstari mmoja tu leo, soma huu: JINA LISAJILIWE KWA JINA LAKO, IMEILI YAKO, NA NENO LA SIRI UNALOLIJUA WEWE. Mengine yote yanafuata.

JINA LA TOVUTI NI KAMA FREMU

Hili ndilo nililokuwa sielewi. Jina la tovuti hununui likawa lako milele. Unapanga, kama fremu. Unalipia mwaka mmoja, au miaka kadhaa (kwa .com unaweza kulipia mpaka miaka 10 mbele). Ukilipa kwa wakati, hakuna anayekutoa. Usipolipa, fremu inarudi sokoni na anayewahi anaingia.

Na kama ilivyo kwenye fremu, mwenye haki ni yule aliyeandikwa kwenye mkataba. Wewe unaweza kuwa umetoa hela, umepaka rangi, umepanga mzigo. Kama mkataba umeandikwa jina la shemeji, mwenye fremu anamjua shemeji. Kwenye tovuti mkataba huo ni akaunti iliyosajili jina. Mwenye akaunti ndiye mwenye jina.

Kitu kingine tunachochanganya: jina na tovuti ni vitu viwili. Jina ni anwani, ile inayomwelekeza mteja aende wapi. Tovuti ni duka lenyewe, picha na bei, nayo inakaa kwenye nafasi inayolipiwa pembeni. Ndiyo maana ukimlipa fundi muulize malipo mawili tofauti: ya jina ni shilingi ngapi kwa mwaka, na ya nafasi ya kuhifadhi tovuti ni shilingi ngapi kwa mwaka. Akikwambia "usijali, yote yamo", hapo ndipo pa kujali.

JE, UNAHITAJI KWELI?

Sitakudanganya. Kama unauza kwa majirani kupitia status ya WhatsApp na mzigo wako unaisha, tulia kwanza, ongeza mtaji. Lakini kama umeshaanza kuchapisha mifuko, stika au kadi zenye jina la biashara, chukua jina mapema hata kabla ya kuwa na tovuti.

Wengi hawajui kwamba unaweza kusajili jina bila kutengeneza tovuti yoyote. Wasajili wengi wanakuruhusu kulielekeza. Mteja akiandika jina lako, anapelekwa moja kwa moja kwenye ukurasa wako wa Instagram au kwenye WhatsApp yako. Faida yake utaiona siku ukurasa ukifungiwa au ukidukuliwa. Unafungua mwingine, unabadilisha mwelekeo, na mfuko wenye jina ulioko nyumbani kwa mteja wa Tabora bado unamleta kwako.

KUCHAGUA JINA

Kwanza sheria za mashine zenyewe. Kwa .com na .co.tz unatumia herufi a mpaka z, namba, na kistari. Hakuna nafasi kati ya maneno. Kistari hakianzi wala hakimalizi jina. Herufi kubwa na ndogo ni sawa tu. Mwisho ni herufi 63, ila ukifika huko mteja ameshalala.

Baada ya hapo jina lipimwe na masikio ya watu wetu. Mimi siku hizi nina vipimo vinne (majina ninayotaja ni mifano tu).

1. Kipimo cha simu. Mpigie mtu akiwa kwenye daladala, mtajie jina mara moja, mwambie akuandikie kwenye meseji. Fanya kwa watu watano wa mikoa tofauti. Kiswahili chetu kina mitego. Jina kama "Thamani" utaandikiwa "samani", na samani ni makochi na makabati, wakati wewe unauza mashuka. "Dhahabu" utaletewa "zahabu". "Rahisi" wapo watakaoandika "lahisi". Usimlaumu mteja, yeye kaandika alichosikia. Wewe ndiye utakayepoteza oda.

2. Kipimo cha kuunganisha. Maneno yakishikana yanaweza kubadilika. Chukua "Mama Nguo Online". Likiunganishwa linakuwa mamanguoonline, herufi o mbili zimekutana. Mteja akisahau o moja, inabaki mamanguonline, yaani "mamangu online". Liandike jina lako kwa herufi ndogo bila nafasi, mpe mtoto wa darasa la tano asome kwa sauti. Akikwama, badilisha.

3. Kipimo cha vijana. Ule uandishi wetu wa kuchati, x badala ya s, z ya mwisho, namba 4 au 2 katikati ya neno, unapendeza kwenye status. Kwenye jina la tovuti unamlazimisha mteja akumbuke ulivyokosea makusudi. Vivyo hivyo kistari. Jaribu kumwambia mama wa miaka 60 kwenye simu "weka kistari katikati" uone kitakachotokea.

4. Kipimo cha kesho. Usijifunge. Ukijiita kwa jina la mtaa na bidhaa moja, siku ukihamia mkoa mwingine au ukiongeza mataulo, jina linakukaba. Mimi jina langu la kwanza lilikuwa na neno "shuka" peke yake. Nilipoingiza mapazia, wateja walikuwa wanauliza kama na hayo ni yangu au nimeshikiwa.

Na jambo la kisheria: kuuza simu za Samsung hakukupi ruhusa ya kusajili jina lenye neno Samsung ndani yake. Majina ya namna hiyo yana wenyewe. Tangu 1999 kuna utaratibu wa kimataifa unaomwezesha mwenye alama ya biashara kulalamika na kunyang'anya jina la .com lililochukuliwa kwa nia mbaya. Utapoteza jina pamoja na hela.

BRELA NA KIKOA NI VITU VIWILI

Hapa wengi tunajichanganya. Kusajili jina la biashara BRELA hakukupi jina la tovuti. Na kuwa na jina la tovuti hakukufanyi uwe umesajiliwa BRELA. Ni madaftari mawili tofauti na kila moja lina mlango wake.

Kwa hiyo siku unayochagua jina, angalia sehemu zote kwa mpigo: BRELA kwenye mfumo wao wa mtandaoni, kwenye tovuti ya msajili wa vikoa, Instagram, TikTok na Facebook. Likiwa wazi kote, lichukue siku hiyo hiyo. Usitangaze kwanza kwenye grupu la watu 200 "wapendwa, nimepata jina zuri". Mwenye haraka anaweza kulilipia kabla hujamaliza kusoma pongezi. Akishalichukua, ukilitaka atakudai kilemba, kama fremu ya Kariakoo.

.COM AU .CO.TZ?

Zote zinafanya kazi, na zote mbili zinafunguka popote duniani. Tofauti ni hizi.

.com watu wameizoea, vidole vyenyewe vinaiandika. Kwa kawaida ni kama dola 10 mpaka 20 kwa mwaka. Shida yake, majina mazuri mengi yameshachukuliwa, maana ya kwanza kabisa ilisajiliwa mwaka 1985, wengi wetu hatujazaliwa.

.co.tz inamwambia mteja moja kwa moja kwamba upo Tanzania. Majina mengi ya Kiswahili bado yapo. Wasajili wa hapa nyumbani wengi wanapokea malipo kwa simu, kwa hiyo huhitaji kadi ya benki. Wenzetu wa Kenya wana .co.ke, iliyo chini ya KeNIC.

Angalizo: .co peke yake ni ya nchi ya Colombia. Kuna watu wanaichukua kwa sababu .com imejaa. Mteja wako ataongeza m bila kufikiri, na atatua kwenye duka la mtu mwingine.

Kama mfuko unaruhusu, chukua zote mbili, moja ielekee kwa nyingine. Kama hauruhusu, chukua moja na uitunze.

NAMNA YA KUSAJILI, HATUA KWA HATUA

1. Fungua imeili ya biashara ambayo ni yako. Isiwe ya fundi, isiwe ya mpenzi, isiwe ya mfanyakazi. Na isiwe imeili inayotumia jina hilo hilo la tovuti. Fikiria: jina likikatika, imeili nayo inakatika, utapokeaje ujumbe wa kuliokoa? Gmail ya kawaida inatosha.

2. Chagua msajili anayetambulika. Kikoa cha .tz kipo chini ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, na wewe unasajili kupitia kampuni zilizoidhinishwa. Kwa .com zipo kampuni nyingi, za hapa na za nje. Za nje mara nyingi zinataka kadi. Unaweza kutumia ya benki au ile ya mtandaoni inayotengenezwa kwenye huduma za pesa za simu.

3. Fungua akaunti MWENYEWE. Kama kuna fundi, akae pembeni yako akuelekeze, ila simu uishike wewe. Sehemu ya mwenye jina andika jina lako au la biashara iliyosajiliwa, pamoja na namba yako inayopatikana. Usiweke taarifa za uongo. Siku ya ugomvi ndizo zitakazokutetea.

4. Soma bei ya mwaka wa PILI. Mwaka wa kwanza unaweza kukuta ofa ya bei ya karanga, mwaka wa pili inapanda mara kadhaa. Na kabla ya kulipa angalia kikapu. Huwa wanakuongezea vitu pembeni. Toa usichokijua.

5. Ukishalipa, fungua imeili siku hiyo hiyo. Kwa .com utatumiwa linki ya kuthibitisha imeili yako. Usipoibonyeza ndani ya siku 15, jina linaweza kusimamishwa ingawa umelipa.

6. Washa uthibitisho wa hatua mbili, yaani ukiingia unaombwa na namba ya siri ya pili. Andika neno la siri kwenye daftari la nyumbani, siyo kwenye meseji za fundi.

7. Washa malipo ya kujirudia kama yapo, lakini usiyategemee. Kadi isipokuwa na salio, hayaendi. Weka kengele kwenye simu mwezi mmoja kabla, na ya pili wiki mbili kabla. Mimi tarehe yangu nimeiandika kwa maka penye ukuta wa fremu, jirani na tarehe ya kodi.

UKICHELEWA KULIPA INAKUWAJE?

Kwa .com, jina likiisha muda tovuti kwa kawaida inazimika, ila wasajili wengi wanakupa siku kadhaa za kulipia kwa bei ya kawaida. Zikipita kuna siku 30 za kukomboa, na hapo unalipa faini juu ya ada, ambayo inaweza kuwa mara kadhaa ya bei yenyewe. Zikipita na hizo, jina linakaa siku 5 likisubiri kufutwa, kisha liko wazi kwa yeyote. Mimi nilimpata fundi wangu baada ya hizo zote kuisha. .co.tz ina utaratibu wake wa siku, kwa hiyo muulize msajili wako leo, usisubiri siku ya shida.

Usidhani wanaosahau ni sisi wadogo tu. Desemba 1999 kampuni ya Microsoft ilisahau kulipia passport.com, jina lililokuwa linatumika kuingizia watu kwenye Hotmail. Ada ilikuwa dola 35. Watu wengi wakakwama kusoma barua zao, mpaka Michael Chaney, mtaalamu wa kompyuta wa huko Marekani, alipoilipia kwa kadi yake mwenyewe. Microsoft walipata msamaria. Mimi nilipata watu wa kamari.

KAMA FUNDI ALISHAKUSAJILIA

Usianze na ugomvi. Wengi wanasajili kwenye akaunti zao kwa sababu ni rahisi kwao, siyo kwa ubaya. Fanya hivi wiki hii:

Muulize kwa utulivu vitu vitatu: jina limesajiliwa kwa msajili gani, linaisha tarehe ngapi, na imeili gani ipo kwenye akaunti. Tarehe ya kuisha na msajili unaweza kuhakiki mwenyewe. Tafuta mtandaoni huduma inayoitwa WHOIS, andika jina lako, utaviona.

Kisha fungua akaunti yako kwa msajili huyo huyo, mwombe ahamishie jina humo. Wasajili wengi wana sehemu ya kufanya hivyo, na ni kazi fupi. Kama unahamia kwa msajili mwingine, ataifungua kufuli ya jina na kukupa namba ya siri ya uhamisho. Mlipe ya soda kwa usumbufu wake. Ni rahisi kuliko mifuko 500.

Kwa fundi mpya, mwambieni kabla ya kutoa hela: "Jina litakuwa kwenye akaunti yangu." Fundi mzuri atasema sawa. Akigoma, umeshapata jibu lako.

JIHADHARI NA HAWA

Ukishasajili utaanza kupata ujumbe. Mmoja unasema kuna kampuni China inataka kusajili jina lako, lipa haraka kulinda haki yako. Ni utapeli wa siku nyingi. Mwingine unafanana na ankara, unasema jina lako linaisha, bonyeza hapa ulipe. Usibonyeze. Fungua tovuti ya msajili wako kwa mkono wako, ingia kwenye akaunti, angalia tarehe. Kama kuna deni la kweli, utalikuta humo.

Basi wapambanaji, hilo ndilo la leo. Siku hizi nina jina jipya, liko kwenye akaunti yangu, nimelipia miaka mitatu. Lakini bado kuna wateja wa zamani wenye mifuko ya kwanza nyumbani, na wakiandika lile jina wanaingia kwa watu wa kamari. Hao sina namna ya kuwafikia.

Usiku ukifunga duka, kabla ya kuhesabu mauzo, jiulize: jina langu linaisha lini, na neno la siri analo nani? Ukikosa jibu, mpigie fundi wako kesho asubuhi, wakati namba yake bado inapatikana.

Mtumie na mwenzako anayechapisha mifuko mwezi huu. Kazi njema.